Kidonge cha chunusi kiwe na tarehe ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie namna tunavyouza na kumeza doksisaiklini, antibayotiki ya vidonge, kwa ajili ya chunusi. Mteja anafika dirishani: "Kaka, nipe karatasi moja ya zile za chunusi." Anapewa vidonge kumi, analipa, anaondoka. Hajaambiwa ameze hadi lini, apake nini pamoja navyo, wala avitenge na nini. Siku kumi zikiisha uso uko vile vile, anasema dawa imegoma na kuhamia nyingine. Au uso umetulia kidogo, anarudi kwa karatasi ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka mwaka unakatika. Wote wawili wametibiwa vibaya, na kosa limeanzia kwetu sisi wauzaji.

Dozi ya chunusi si kama dozi ya kikohozi. Kwa mtu mzima, kawaida ni doksisaiklini miligramu 100 mara moja kwa siku kwa wiki 12. Hivyo ni vidonge 84, yaani karatasi nane za vidonge kumi kumi, na vidonge vinne vya ziada. Wiki mbili tatu za mwanzo mabadiliko huwa madogo mno. Vipele vilivyovimba na vyenye usaha huanza kupungua taratibu kati ya wiki ya nne na ya nane. Anayejitazama kwenye kioo kila asubuhi haoni tofauti, kwa hiyo apige picha kwa simu siku ya kwanza, akiwa karibu na dirisha, kisha arudie mahali pale pale na saa ile ile wiki ya 6 na wiki ya 12. Picha hizo tatu zitamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Kuna kosa moja kwenye ngozi zetu nyeusi ambalo nalitilia mkazo. Chunusi ikipona huacha baka jeusi, na baka hilo hukaa miezi mingi. Mgonjwa akiliona anadhani chunusi bado zipo, anaendelea kumeza. Antibayotiki haiondoi baka hata kidogo. Afanye hivi: anawe uso, afumbe macho, apitishe ncha ya kidole juu ya shavu. Pakiwa na nundu au panauma, hiyo ni chunusi. Pakiwa laini, hilo ni baka tu, na kidonge hakina kazi hapo. Baka linahitaji kukingwa na jua, muda, na pengine krimu kama ya asidi azelaiki.

Sasa, kwa nini kidonge peke yake hakitoshi? Chunusi huanza na kitundu cha unyweleo kuziba kwa mafuta na ngozi iliyokufa. Ndani ya kitundu kilichoziba, bakteria anayeitwa Cutibacterium acnes huzaliana, na mwili hujibu kwa kuvimba. Doksisaiklini inapunguza bakteria na inatuliza uvimbe. Haizibui kitundu, wala haipunguzi mafuta ambayo homoni zinaendelea kuyatoa. Ukiimeza bila krimu ya kuzibua, unazima moto huku kuni zinaongezwa. Na mwenye vipele vidogo vilivyoziba tu, vyeupe na vyeusi, bila uvimbe, hahitaji kidonge kabisa. Apake krimu. Kidonge ni kwa mwenye chunusi nyingi zilizovimba, hasa zikifika kifuani na mgongoni, au zinapoacha makovu.

Krimu zenyewe ni mbili. Usiku, adapalini asilimia 0.1: uso unaoshwa kwa sabuni isiyo kali, unaachwa ukauke kama dakika 20, kisha krimu ya ukubwa wa punje moja ya mbaazi inatosha uso mzima. Si tone juu ya kila kipele; ni uso wote, ukiepuka macho, pembe za pua na midomo. Wiki mbili za kwanza apake usiku mmoja aruke mmoja, la sivyo ngozi itababuka na ataitupa. Asubuhi, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Hii ni muhimu kuliko wengi wanavyojua, kwa sababu inaua bakteria kwa oksijeni na bakteria hawajengi usugu dhidi yake. Anayemeza antibayotiki bila kuipaka anawaacha bakteria wasugu wabaki hai na kuzaliana. Aonywe mapema kwamba inang'oa rangi: foronya ya buluu itabaki na madoa meupe, na kanga aliyojifutia uso haitarudi ilivyokuwa. Atumie taulo jeupe, anawe mikono baada ya kupaka. Na akiwa anameza antibayotiki, asipake tena losheni ya antibayotiki kama klindamaisini juu yake. Hapo anaongeza usugu bila kuongeza nafuu.

Kumeza nako kuna namna yake. Doksisaiklini ikikwama kwenye umio inayeyuka pale pale, na asidi yake inachoma. Atasikia maumivu nyuma ya mfupa wa kifua, na hata funda la maji linapita kama pilipili. Wanaopatwa ni wale wanaomeza kwa mafunda mawili ya maji wakiwa kitandani, au wamesimama kwenye daladala na kusukumia kwa mate. Kidonge kimezwe na glasi nzima ya maji, mtu akiwa amekaa wima au amesimama, na asilale kwa muda usiopungua nusu saa; saa nzima ni bora zaidi. Mimi nashauri imezwe pamoja na mlo wa mchana. Anayependelea jioni ameze saa moja usiku na chakula, si saa nne akiwa amevuta shuka. Umio ukishaungua, aache dawa na amwone daktari. Kwa kawaida unapona ndani ya siku au wiki chache.

Wali, ugali na maharage havina neno, tena hupunguza kichefuchefu. Vinavyoharibu ni maziwa mengi, maziwa mgando, vidonge vya kalsiamu, vidonge vya kuongeza damu, zinki, na zile dawa za kiungulia za magnesiamu ambazo watu hutafuna kama peremende. Madini hayo hushikana na dawa tumboni na sehemu yake inatoka na choo bila kuingia kwenye damu. Viachane kwa saa mbili hadi tatu. Tetrasaiklini ya zamani ndiyo ina masharti zaidi: miligramu 500 mara mbili kwa siku, tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Wengi hawaziwezi ratiba hizo, ndiyo maana doksisaiklini imeichukulia nafasi.

Jua lisipuuzwe. Dawa hii hufanya ngozi iungue upesi, na ngozi nyeusi haina kinga kamili. Pua, mashavu, masikio na migongo ya mikono huanza kuwaka na kuwasha, kisha mabaka yanazidi. Dereva wa bodaboda, mvuvi na mkulima waulizwe kazi zao kabla ya kupewa. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi vinasaidia. Ngozi ikiungua licha ya hayo, daktari ampunguzie dozi au ambadilishie.

Wasiopaswa kuimeza ni wajawazito, kwa sababu inaingia kwenye meno na mifupa ya mtoto, na watoto walio chini ya miaka 8; baadhi ya nchi huweka mpaka wa miaka 12. Mama anayenyonyesha asipewe dozi hii ya miezi. Muuzaji aulize kwa heshima, "Dada, siku zako umeziona mwezi huu?" kabla ya kugusa boksi. Mwenye kutumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au dawa za kifafa kama fenitoini, fenobabitali na kabamazepini, mwili wake huiondoa doksisaiklini haraka na dozi ya kawaida inaweza isitoshe. Mwenye kutumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu yake inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango, dada wengi hutishwa bure: doksisaiklini haivipunguzii nguvu, isipokuwa ametapika au ameharisha sana. Fangasi sehemu za siri ni jambo la kawaida na linatibika. Lakini kichwa kuuma mfululizo huku macho yakiona ukungu ni hatari, kwani shinikizo ndani ya fuvu linaweza kuwa limepanda. Aache dawa siku hiyo hiyo na aende hospitali. Hatari hiyo huongezeka sana ikichanganywa na isotretinoini, dawa nyingine ya chunusi kali, na hizo mbili hazipewi pamoja kamwe.

Dawa ikishindwa baada ya kumezwa ipasavyo, swali la kwanza ni kama zile zilikuwa chunusi kweli. Mara nyingi sana jibu liko kwenye kopo la krimu nyumbani. Mkorogo na krimu nyingi za kung'arisha huwa na betamethazoni au klobetasoli, ambazo ni steroidi kali. Steroidi usoni huleta vipele vingi vinavyofanana, kama vimetoka siku moja, kwenye mashavu, kidevu na kifua. Mgonjwa akiacha krimu, kwa wiki kadhaa uso unalipuka zaidi, anaamini krimu ndiyo ilikuwa ikimtibu, anairudia. Hapo hata vidonge 200 havitafua dafu. Aambiwe wazi kwamba mlipuko huo utakuja na utapita, na daktari amsimamie katika kuacha. Mwambieni aje na makopo yake yote, hata lile lisilo na lebo.

Fangasi wa vinyweleo nao hudanganya. Ni vipele vidogo vya saizi moja, vinawasha, hujaa kwenye paji la uso, kifuani na mgongoni, na huzidi kwa joto na jasho. Chunusi za kawaida huuma zaidi kuliko kuwasha. Fangasi hawa hustawi pale antibayotiki inapoua bakteria wa ngozi, kwa hiyo mgonjwa anamwagilia magugu. Vipele vya ndevu baada ya kunyoa, na vile vinavyopanga mstari chini ya nywele kwa anayepaka mafuta mazito kichwani, navyo havitaki kidonge. Vinataka wembe kubadilishwa au mafuta kuachwa.

Halafu kuna dawa zisizo zake. Anayeomba "rangi mbili" anaweza kupewa amoksilini, au mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini, ambazo hazipenyi vizuri kwenye mafuta ya ngozi wala hazitulizi uvimbe kama doksisaiklini. Metronidazoli haifanyi kazi hata kidogo: bakteria wa chunusi kwa asili yao hawaisikii. Azithromaisini, zile tatu tatu za miligramu 500, Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la antibayotiki za kutumiwa kwa uangalizi, na si ya kuokotwa rafuni kwa sababu ya kipele. Wengine hufungua vidonge na kuchanganya unga wake na mafuta ya kujipaka. Unga huo hautengenezwi kwa ngozi. Unaleta mzio na usugu, basi.

Usugu wenyewe hauishii usoni. Kidonge kinapita mwili mzima, na bakteria wa koo na utumbo nao wanazoea. Bakteria sugu wa ngozi wamekutwa hata kwa watu wanaoishi nyumba moja na mgonjwa. Na doksisaiklini ni hiyo hiyo inayotibu kipindupindu kwa mtu mzima kwa dozi moja ya miligramu 300, klamidia kwa siku saba, na bruselosi, ugonjwa unaompata mtu kutoka kwa ng'ombe na mbuzi, kwa wiki sita ikiunganishwa na dawa nyingine. Kampeni ya Holela-Holela Itakukosti, inayopinga matumizi holela ya dawa, imewafikia wananchi, nasi wauzaji tuipokee kwa vitendo: hakuna doksisaiklini bila cheti cha daktari.

Ombi langu kwa wenzangu, wa famasi na wa maduka ya dawa muhimu, ni dogo. Kwenye bahasha ya dawa ya chunusi tuandike tarehe mbili kwa kalamu, ya kuanza na ya kuacha. Anayeanza tarehe 1 Machi aandikiwe kuacha tarehe 23 Mei. Siku hiyo anaacha kwa mara moja, hakuna haja ya kupunguza kidogo kidogo, na adapalini na benzoili peroksaidi zinaendelea kwa miezi mingine kadhaa ili chunusi zisirudi. Zikirudi, asiuziwe karatasi nyingine. Arudi kwa daktari, kwa sababu zipo njia nyingine, zikiwemo dawa za homoni kwa wanawake, na isotretinoini chini ya mtaalamu wa ngozi kwa chunusi kali, ambayo mwanamke haanzi kabla ya kupimwa mimba. Vidonge vilivyobaki asimpe mdogo wake. Avirudishe dukani, navyo tuvihesabu mbele yake: vikiwa 20, tunajua alimeza 64, na tunajua tuanze kumuuliza wapi.

Mfamasia,
Morogoro