Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Haut-Katanga: tansio ya mama iandikwe kwenye fishi ya mtoto

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkunga katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, na ninakuandikia kuhusu mstari mmoja unaokosekana kwenye fishi ya kupimia watoto.

Juzi alikuja mama na mwanawe wa miaka mitano, aliyekuwa akiumwa kichwa mara kwa mara. Fishi yake, iliyotunzwa ndani ya mfuko wa sukari, ilikuwa na uzito na chanjo zote, kwa mwandiko safi. Nilipouliza habari za uzazi ndipo mama akaeleza kwamba alipasuliwa mimba ikiwa na miezi minane, uso umemvimba na tansio imefika 170, na kwamba dada yake alikufa kwa kifafa cha mimba. Yote hayo yalibaki kwenye daftari la maternite alikozalia. Nilitaka kumpima mtoto tansio, lakini mkanda tulionao ni wa mtu mzima, na mkanda unaouzidi mkono huonyesha tansio ndogo kuliko ilivyo.

Mheshimiwa, preeklampsia, yaani ugonjwa wa tansio kupanda wakati wa mimba kama ilivyompata mama huyo, haiishi kondo linapotoka. Huko Helsinki, watu waliozaliwa kati ya 1934 na 1944 walifuatiliwa hadi uzeeni, na wale ambao mama zao walikuwa na ugonjwa huu walipata kiharusi karibu maradufu ya wenzao. Utotoni tofauti ya tansio ni ndogo, kama milimita mbili za zebaki kwa wastani, na wengi wao hukua salama. Ndiyo maana hakuna anayeiona bila kupima. Sehemu ya hatari hiyo hutokana na mimba yenyewe, yaani kondo lisilopata damu ya kutosha na kuzaliwa kabla ya wakati, na sehemu nyingine ni urithi. Mwaka 2017 watafiti waligundua kwamba tofauti zilizo karibu na jeni la FLT1, katika vinasaba vya mtoto mwenyewe, zinahusiana na ugonjwa wa mama yake. Nusu ya vinasaba hivyo ni vya baba, jambo ambalo ningependa lisikike kwa mashemeji wanaomlaumu mke kwa “damu mbaya ya kwao”.

Siombi maabara ya vinasaba, kwa kuwa hata tukiwa nayo hakuna kipimo cha jeni kinachoweza leo kumwambia mama ni mtoto wake yupi atakayeugua. Ninaomba wino: mkunga anayemruhusu mama kurudi nyumbani aandike kwenye fishi ya mtoto kwamba mimba ilikuwa na preeklampsia, na ilikuwa ya wiki ngapi. Ninaomba pia kila kituo kipewe mikanda ya watoto, ili hao walioandikwa wapimwe kila mwaka kuanzia miaka mitatu, umri ambao madaktari wa watoto wa Marekani wanaupendekeza kwa watoto wote.

Fishi mpya zinapochapishwa, mstari huo unaweza kukaa chini ya uzito wa kuzaliwa, ambako pana nafasi.

Kwa heshima,
Mkunga wa Katuba, Lubumbashi