Maswali ya Idi kuhusu vidole

Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mvua ndiyo haituachii nafasi, na nazi zimepanda bei hadi siku hizi napika wali mkavu huku najifariji kwamba ndiyo afya. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na Idi anavyokukatiza kila dakika: "Mwambie anti na hili!" Nimeona nijibu kwa karatasi. Sauti ataifuta apate nafasi ya magemu kwenye simu yako. Barua ataisoma mwenyewe.

Nianze na lile uliloniambia limewagawa nyumba nzima: kwa nini vidole vinakunjamana mtu akikaa sana majini. Shemeji kasema ngozi inanywa maji inavimba. Ndivyo tulivyoambiwa wengi, na mwulize basi: mbona tumbo halikunjamani, wala mgongo, na vyote vimelowa sawasawa?

Kinachofanya kazi pale ni mishipa ya fahamu. Maji yanapenya kwenye vitundu vya jasho, ambavyo viganjani na kwenye nyayo vimejaa tele. Yakishaingia yanavuruga kiasi cha chumvi ndani ya ngozi, mishipa ya fahamu inashtuka, inaamuru mishipa midogo ya damu ijibane. Damu ikipungua, nyama ya ncha ya kidole inasinyaa, lakini ngozi ya juu bado ni ileile, haijapungua hata kidogo. Itaenda wapi? Inajikunja. Tazama vidole vya Idi akitoka kuoga, utaona vimepauka pia.

Ushahidi wake ndio ulionikaa akilini. Mtu aliyekatika mshipa wa fahamu wa mkono, vidole vinavyotegemea mshipa ule havikunjamani, hata avilowekeje. Mwaka 1973 daktari mpasuaji wa Ireland aitwaye O'Riain aliandika kwenye jarida la British Medical Journal kwamba hicho kinafaa kuwa kipimo: unaloweka mkono kwenye maji ya nyuzi joto 40 kwa nusu saa, kisha unaangalia. Fikiria mtoto wa miaka miwili kaumia mkono. Utamwuliza unahisi hapa, huhisi hapa? Atalia tu. Sasa yeye anachezea maji kwenye beseni, na daktari anasoma vidole vyake taratibu.

Kuhusu faida ya mikunjo yenyewe, wataalamu hawajapatana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, mwaka 2013 waliwapa watu gololi zilizolowa wazihamishe, wakaona wenye vidole vilivyokunjamana wanafanya haraka zaidi. Mwaka uliofuata wenzao wa Ujerumani wakarudia jambo hilohilo, wasione tofauti yoyote. Mimi naelemea upande wa Newcastle, ila sili kiapo.

Bibi yake Idi naye kasema Idi akialisha vidole, yaani akivivuta vikalia, atapata baridi yabisi. Bibi asikasirike, ila hapa nina kisa kizuri. Marekani, California, palikuwa na daktari jina lake Donald Unger. Utotoni mama yake alimtisha hivyohivyo, na mama wadogo na mashangazi wakaitikia (inaonekana kina bibi wa dunia nzima walisoma darasa moja). Yeye hakubishana nao. Akawa anaalisha vidole vya mkono wa kushoto tu, angalau mara mbili kwa siku, wa kulia akiuacha uwe wa kulinganishia. Akaendelea hivyo miaka 50! Mwaka 1998 akaandika matokeo: mikono yote miwili haina baridi yabisi, wala hakuna uliouzidi mwenzake. Mwaka 2009 wakampa Ig Nobel, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza halafu ukakufikirisha.

Mtu mmoja hatoshi kumaliza ubishi, najua, na Idi atalisema hilo kabla yangu. Lakini hata utafiti wa watu wengi haujaonyesha kwamba waalishaji wanapata baridi yabisi kuliko wengine. Utafiti mmoja wa mwaka 1990 uliona baadhi yao wana mikono iliyovimba na nguvu ndogo ya kushika, kwa hiyo sisemi aalishe mchana na usiku. Na mlio wenyewe si wa mifupa kusagana. Ndani ya kiungo mna ute wa kulainisha. Ukivuta kidole ghafla, nafasi inapanuka na kiputo cha gesi kinazuka ndani ya ute ule. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walikiona kiputo hicho kwenye MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kinatokea kidole kikilia. Ndiyo maana ukishaalisha kidole, hakilii tena papo hapo. Lazima usubiri kama dakika 20 hivi.

Kuhusu kujigonga kiwiko ukaruka kama umeshikwa na umeme: mshipa mmoja wa fahamu unapita nyuma ya mfupa wa kiwiko, upande wa ndani, karibu kabisa na ngozi, hauna nyama ya kuukinga. Ukigonga pale hujaumiza mfupa, umeupiga mshipa wenyewe. Mwambie Idi siku ikimtokea tena, kabla hajapiga kelele, aangalie mchonyoto unaishia wapi. Utakwenda kidole cha mwisho, na kidole cha pete utashika nusu yake tu, ule upande unaotazama kidole cha mwisho. Nusu ya pili ni ya mshipa mwingine. Kidole kimoja, wenyewe wawili, na mpaka umepita katikati!

Ganzi ya kukalia mguu ni jamaa wa hilo. Umeubana mshipa pamoja na damu inayoulisha, ukaacha kupeleka habari. Ukiinuka unaanza kurusha habari ovyo ovyo, ndio wale sisimizi unaowahisi. Hiyo haina neno. Lakini umeniambia mjomba mwenye kisukari siku hizi anasema nyayo zake zina ganzi tu, bila kukalia chochote. Hiyo usiichekee. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, mtu akakanyaga kigae asijue, kidonda kikachimba. Akague nyayo zake kila jioni, na kama haoni vizuri Idi amkagulie. Na kliniki aiseme hiyo ganzi, asinyamaze.

Kucha nitazipitia mbio, karatasi inaisha. Ndiyo, za mikono zinakua kama milimita 3 kwa mwezi, haraka kuliko za miguu. Daktari mwingine wa Marekani, William Bean, alipima ukucha wa dole gumba lake miaka 35. Alipokuwa na umri wa miaka 32 ulikua milimita 0.123 kwa siku, alipofika 67 umeshuka hadi 0.095. Mke wake alivumilia mengi, nadhani.

Sasa kazi ya Idi. Vidole hukunjamana polepole zaidi kwenye maji ya chumvi kuliko maji ya bomba, na ninyi huko Morogoro bahari hamna, basi aitengeneze. Mabakuli mawili ya maji ya uvuguvugu, joto moja. Kwenye moja atie chumvi vijiko viwili vya chakula, vya kusawazisha, kwa kila lita, akoroge iyeyuke yote. Mkono mmoja huku, mwingine kule, wewe ushike saa. Kama ana mchubuko asubiri upone, chumvi itamliza. Aniandikie mwenyewe dakika alizoziona, na asichungulie kwanza kwenye simu.

Msalimie shemeji, na bibi mwambie nampenda.

Wako,
Zuhura