Wawindaji wa koyote hawakuja kunilinda mimi

Ndugu Mhariri,

Miaka yote hii nimekuwa msomaji wako wa kimya. Mmeandika mengi kuhusu sisi tulio Marekani, mengine ya kweli, mengine ya kuokoteza, nikameza. Lakini ile taarifa yenu ya wawindaji wa koyote, mnyama wa jamii ya mbwa afananaye na bweha, hapa jimboni Iowa, wawindaji mliowapachika cheo cha walinzi wa wafugaji wadogo, imenishinda. Mfugaji mdogo mwenyewe ni mimi. Nina mbuzi, nina banda, nina deni la nyasi kavu. Mwandishi wenu alizunguka na pikapu ya wawindaji asubuhi nzima, akanywa kahawa yao, akasikiliza hadithi zao, asishuke hata mara moja kumwuliza mwenye mifugo kama kweli analindwa.

Kwa asiyeijua Iowa: barabara za mashambani zimepigwa mistari kama daftari la hesabu, kila maili moja njia panda, na katikati ekari 640, aghalabu za mahindi au soya. Mavuno yakiisha Novemba yanabaki mabua, na theluji ikishaanguka koyote anaonekana kutoka mbali sana. Hapo ndipo wanapokuja. Pikapu kwenye kila kona, simu za upepo mkononi, mbwa nyuma kwenye masanduku, shingoni kola za GPS zinazoonyesha mbwa aliko. Wa kwanza kumwona koyote anatangaza, milango ya masanduku inafunguliwa, na mbwa wanamsukuma mnyama mpaka atokeze upande wenye bunduki. Kulungu ana msimu wake na idadi yake. Koyote huuawa mwaka mzima, wengi upendavyo, mradi una leseni. Hayo mwandishi aliyaeleza vizuri, simnyimi haki yake.

Sasa nieleze mimi aliyoyaacha. Ilikuwa Jumamosi, mwishoni mwa Februari mwaka jana. Mume wangu amelala, katoka zamu ya usiku kiwanda cha nyama. Mimi niko bandani navunja barafu kwenye ndoo za maji kwa nyundo, nikasikia mbwa wanabweka. Wangu ni mmoja tu, mweupe, wa aina ya Great Pyrenees, mbwa wakubwa wa kulinda mifugo, na sauti yake naijua hata nikiwa usingizini. Hizi zilikuwa sauti za wageni, tena wengi. Koyote akapita wa kwanza, ulimi nje, akauruka wavu, akakata zizi, akatokea upande wa pili bila hata kuwatupia mbuzi jicho. Waliomfuata hawakuruka. Waliupasua wavu wa umeme katikati, ukalala chini na vijiti vyake, mbuzi wakakimbilia pembe moja wakapandana, majike wenye mimba wakawa chini ya wenzao. Jike mmoja mwenye madoa alinasa pembe na mguu wa mbele kwenye wavu, na mashine ya umeme haikuwa imezimwa: inapiga, analia, inapiga, analia, nami nafukua theluji kwa mikono mitupu natafuta swichi. Mbwa wangu alijitahidi, akatoka na sikio lililochanika vipande viwili. Mambo yalipotulia akaja kijana mmoja wa koti la rangi ya chungwa kuwaita mbwa wao, akavua kofia kwa adabu zote, akasema, "Pole mama, lakini tunakusaidia." Kunisaidia! Usiku wa Jumatatu yule jike aliharibu mimba. Mapacha, wote majike, manyoya yameshaota, kwato bado laini. Msaada huo nimpe risiti nani?

Na msidhani nawatetea koyote kwa huruma ya watu wa mjini. Mwaka wetu wa kwanza hapa walinichukulia vitoto viwili, na niliwalaani kwa lugha zote za Uvira, Kongo, na za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Nikanunua mbwa, nikanunua wavu, nikaanza kuwafungia mbuzi ndani kabla jua halijazama. Tangu hapo hakuna koyote aliyenigusa mbuzi. Walionigusa ni walinzi.

Nilipiga simu ofisi ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Afisa akaniambia mbwa hawajui kusoma mabango ya kukataza kuingia. Sawa, lakini wenye mbwa wamesoma. Sheria ya Iowa inamruhusu mtu kuingia shamba la mwenzake, bila silaha, kumfuata mnyama aliyejeruhiwa au kuuawa kihalali. Yule koyote hakuwa na mkwaruzo. Sheria za jimbo hilohilo zinakataza kuwinda au kufyatua bunduki ndani ya yadi 200 kutoka kwenye jengo wanamokaa watu au mifugo, ila mwenyewe akubali. Mimi hakuna aliyeniomba, na ganda la risasi nililiokota mtaroni, mbele ya sanduku langu la barua. Nililipeleka kwa afisa. Akaligeuzageuza, akaniuliza kama nina uhakika si la mume wangu.

Mwandishi wenu anasema wakiuawa wengi mifugo itapumua. Nani kamwambia? Idara ya shirikisho ya Wildlife Services, iliyo chini ya wizara ya kilimo, huua koyote zaidi ya 50,000 kwa mwaka, na mnyama huyo aliyekuwa wa nyika za magharibi leo yuko mpaka pwani ya Atlantiki. Mwaka 2007 mmoja aliingia duka la sandwichi katikati ya Chicago, mchana, akajilaza kwenye friji la vinywaji. Koyote dume na jike wakishashika eneo hawakaribishi wengine. Wale wa kijito cha nyuma ya kwangu nilikuwa nawasikia kila jioni. Walishajua wavu wangu unauma na mbwa wangu hana mchezo, kwa hiyo walikula panya, sungura na kulungu waliogongwa na magari, nasi tukaelewana. Wakauawa wote wawili majira yaleyale ya baridi. Sasa kijito kina vijana waliotoka sijui wapi, hawajui wavu, hawamjui mbwa, na darasa lao la kwanza wanataka kulifanyia kwangu.

Zamani walikuwa na sababu nyingine: ngozi ni pesa. Kampuni ya Canada Goose, iliyokuwa ikipamba kofia za makoti yake kwa manyoya ya koyote, ilitangaza mwaka 2021 kwamba inaachana na manyoya, na soko likapoa. Siku hizi naona koyote wametupwa chini ya daraja na manyoya yao yote. Mwindaji anayependa kuwinda na aseme anapenda kuwinda. Hata kwetu kuna wanaowinda kwa kupenda, wala hakuna anayemwambia mwenye mbuzi kwamba ni kwa ajili yake.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mizoga, kuna jambo ambalo gazeti lenu haliligusi. Iowa ina nguruwe zaidi ya milioni 20, na watu milioni tatu na kidogo. Nguruwe hao hufa, ndiyo desturi ya nguruwe. Kuna mabanda marefu yasiyo na madirisha njiani kuelekea kwetu, na mbele yake, kando ya barabara, sanduku la mizoga linalosubiri lori. Mfuniko wake nimeuona umefungwa siku waliyotarajia wageni. Siku nyingine miguu inachungulia nje. Koyote wote wa majirani wanajua njia ya kwenda pale, tai wanajua, mbwa wa mitaani wanajua. Mnawapa nyama mlangoni kisha mnawakimbiza kwa bunduki hadi kwenye zizi la mtu mwingine! Kuhusu harufu ya Julai sitaki kusema, maana nitakosa pa kuishia. Nguo nimeacha kuanika nje. Malori yao yamechimba barabara ya kokoto hivi kwamba basi la shule linapita upande wa kushoto, na nilipouliza kaunti nikaambiwa greda litakuja. Greda hilo nalisubiri. Mwenye mabanda, nasikia, ni mmoja wa waliowapa wawindaji ruhusa ya kuingia kokote kwenye ardhi yake, na ndiye mliyemnukuu akisema koyote wamezidi.

Dawa ninayo. Wenye pikapu waandike jina na namba ya simu kwenye mlango wa gari kwa herufi kubwa kuliko zile ninazoandikia bango la mayai, ili mbwa wao wakija nijue wa kumpelekea bili. Sanduku la mizoga liwekewe mfuniko wenye kufuli, ufunguo akae nao mke wa mwenye mabanda, ambaye namjua ni mwanamke mwenye akili. Na kwa kuwa mmeniambia wanaume hawa wanakufa kwa hamu ya kumsaidia mfugaji mdogo, waje Jumamosi ya kwanza ya Aprili, mbuzi wanapozaa. Nahitaji nguzo 40 za chuma, zile za futi sita, wavu wa chuma mizunguko miwili, na mtu mwenye mgongo mzima wa kuzigonga ardhini kabla matope hayajakauka. Usiku kuna zamu ya kukaa bandani na tochi. Chai ya tangawizi nitapika mimi. Mwandishi wenu naye anakaribishwa, ila avae mabuti, na mbwa wao wabaki kwao.

Mfuga mbuzi,
Mashariki mwa Iowa