Tuachieni mazoezi, badilisheni usahihishaji

Mhariri,

Nimeisoma mara mbili barua ya msomaji mwenzangu anayetaka mazoezi ya nyumbani yafutwe katika masomo ya uhandisi, kwa kuwa siku hizi simu inatoa jibu kabla mwanafunzi hajamaliza kunakili swali. Kuhusu simu amesema kweli. Kuhusu kufuta mazoezi nampinga, nami nilishawahi kunakili kutoka kwenye hiyo simu.

Nilikuwa fundi umeme kwa miaka 14 kabla ya kurudi darasani kusomea shahada. Mazoezi nayafanya usiku, watu wa nyumbani wakishalala. Muhula wa kwanza tulipewa swali la saketi ambalo hadi leo naweza kulichora nikiwa nimefumba macho. Betri ya volti 12. Rezista (kipande kinachozuia mkondo wa umeme) ya omu 3,000 na nyingine ya omu 6,000 zimefuatana. Mzigo, yaani kifaa kinachotumia umeme, wa omu 2,000 umeungwa sambamba na ile ya 6,000. Tafuta volteji kwenye mzigo. Nikazigawa zile volti 12 kwa uwiano wa rezista mbili za kwanza, nikapata 8, nikaandika 8. Mzigo niliuacha kana kwamba haupo.

Daftari lilirudi na alama ya kosa kwa wino mwekundu, bila neno hata moja. Nikaingia kwenye simu, nikakuta jibu ni volti 4 na hatua zake zote. Nikanakili, nikaenda kulala. Kwenye mtihani swali lile lilikuja na namba nyingine, nikalikosa vile vile nilivyolikosa mwanzo.

Ndipo nikakaa nalo. Nikajiuliza: kama mzigo kweli una volti 8, unapitisha mkondo kiasi gani? Nane gawa kwa 2,000 ni ampia 0.004, yaani miliampia 4. Rezista ya 6,000 nayo inachukua miliampia 1 na theluthi. Kwa hiyo kwenye makutano yale zinatoka miliampia 5 na theluthi. Zinazoingia je? Zinapita kwenye rezista ya 3,000, ambayo imebakiwa na volti 4 tu, kwa hiyo ni miliampia 1 na theluthi. Sasa hizo miliampia 4 za ziada zimetoka wapi?

Mwili ulinisisimka, maana jambo hili mikono yangu ilikuwa inalijua zamani. Ni mara ngapi nimepima waya, mita ikasoma vizuri, kisha nikawasha mashine na volteji ikaporomoka? Nimeliona kwa miaka 14, na kwenye karatasi sikulitambua. Nikaanza upya: 6,000 na 2,000 zikiwa sambamba ni 1,500, ukijumlisha 3,000 unapata 4,500, na volteji kwenye mzigo ni 4. Nikahakiki kwa kuhesabu nguvu. Betri inatoa miliwati 32. Rezista ya kwanza inakula 21 na theluthi, ya pili 2 na theluthi mbili, mzigo 8. Ukizijumlisha unapata 32 kamili. Tangu usiku ule sijakabidhi swali la saketi bila kufanya hesabu hiyo ya mwisho. Simu ilinipa 4. Swali la miliampia zilizotoka kusikojulikana haikunipa, na kitu nilichokuwa nakihitaji ni hilo swali.

Kanuni niliyokuwa naivunja, kwamba mkondo unaoingia kwenye makutano lazima ulingane na unaotoka, ni ya mwanafizikia Gustav Kirchhoff. Aliitoa mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi, kama zoezi la semina, na baadaye zoezi hilo likawa tasnifu yake ya udaktari. Nalitaja hili kwa sababu msomaji mwenzangu ameandika kwamba mazoezi hayajawahi kuzaa kitu kipya. David Huffman naye, akiwa mwanafunzi mwaka 1951, aliandika karatasi ya darasani ili asifanye mtihani wa mwisho, na njia aliyoipata ya kufupisha data inatumika hadi leo ndani ya mafaili ya picha tunazotumiana.

Kwenye somo la mawimbi sitakaa sana, ila kuna zoezi moja ningependa kila mwanafunzi alifanye kwa mkono. Chora wimbi la kosaini la mizunguko 7,000 kwa sekunde, uchukue sampuli 8,000 kwa sekunde, yaani upime kimo chake mara 8,000, uweke nukta zake. Kisha chora la mizunguko 1,000, uweke nukta vile vile. Nukta ni zile zile, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimeisoma kanuni kwamba sampuli zizidi mara mbili ya mzunguko wa juu kabisa, na niliikubali kama mtu anavyokubali tangazo. Nilipoona nukta zangu mwenyewe zinalalia mawimbi mawili tofauti, niliiamini.

Somo la uwezekano ndilo linalotutesa zaidi. Kundi letu la watu watano tulipewa swali hili: kifaa 1 kati ya 1,000 ni kibovu, kipimo kinakamata vibovu 99 kati ya 100, lakini pia kinasingizia 1 kati ya vizima 100. Kifaa kimekataliwa na kipimo. Je, kuna uwezekano gani kwamba kweli ni kibovu? Wote watano tulisema asilimia 99, na wote tulikuwa tumeikariri fomula ya Bayes, ile ya kukokotoa uwezekano wa aina hii. Mmoja wetu akasema tuhesabu vifaa 100,000. Vibovu ni 100, vinakamatwa 99. Vizima ni 99,900, vinasingiziwa 999. Vilivyokataliwa ni 1,098, na kati yake vibovu ni 99 tu, yaani asilimia 9. Tulibishana zaidi ya saa nzima, na naamini katika sisi watano hakuna atakayelisahau.

Wahadhiri wetu nawaomba hivi. Mkitoa alama kwa jibu la mwisho peke yake, mnatusukuma kunakili, kwa sababu jibu ndilo kitu rahisi kuliko vyote kunakili. Daftari lirudi na mstari chini ya hatua ya kwanza iliyopotoka, hata kama hamna muda wa kuandika neno. Mwanafunzi aandike upya, na aeleze kwa maneno yake kilichomdanganya. Nusu ya alama zitoke hapo. Najua madarasa ni makubwa na mnachoka. Basi sahihisheni maswali mawili badala ya kumi, lakini hayo mawili yarudi kwetu mara mbili.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi umeme, mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa tatu