Barua ya malalamiko: Kebo ya giaboksi iliyolegezwa bila kupimwa

Kwa Meneja wa Huduma,
Gereji, Morogoro.

Ndugu Meneja,

YAH: KULEGEZWA KWA KEBO YA GIABOKSI YA LAND CRUISER YANGU NA MADHARA YALIYOFUATA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nililileta kwenu gari langu, Toyota Land Cruiser ya petroli ya mwaka 1991 yenye giaboksi ya otomatiki aina ya A440F. Tatizo lilikuwa moja, nililitaja mapokezi na likaandikwa kwenye karatasi ya kazi: gia ya pili ilichelewa kuingia, na ikiingia gari linashtuka. Nililipa Sh 180,000 nikapewa risiti ya EFD iliyoandikwa "marekebisho ya gia". Nilipolichukua, gia zilikuwa zinapanda laini na mapema kupita kiasi. Gari halijachanganya vizuri, tayari liko gia ya juu. Fundi wenu akanihakikishia kwamba sasa liko sawa.

Halikuwa sawa hata kidogo. Kwenye mlima wa Kitonga, nikielekea Iringa na familia yangu, nilikanyaga mafuta hadi mwisho ili gia ishuke gari lipate nguvu ya kupanda. Gia haikushuka. Mbele kidogo injini ikaanza kunguruma bila mwendo kuongezeka, na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mnaifahamu Kitonga: kona kali, malori yaliyosheheni, na bonde pembeni. Hapo si mahali pa gari kukosa nguvu ghafla.

Nilipofika Iringa, fundi wa giaboksi alifungua boneti, akamwomba msaidizi wake akanyage pedeli ya mafuta mpaka mwisho, akaiangalia kebo ya kikidauni, yaani hiyo kebo ya giaboksi inayofanya gia ishuke dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho. Kwenye kebo hiyo kuna kizuizi kidogo cha chuma kilichobanwa juu ya waya. Throto (mlango wa hewa ya injini unaofunguliwa na pedeli ya mafuta) ikiwa imefunguka yote, umbali kati ya kizuizi hicho na mwisho wa mpira wa kebo unatakiwa uwe kati ya milimita 0 na 1. Ndivyo kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Kwenye gari langu kizuizi kilikuwa kimejificha ndani kabisa ya mpira, na nati mbili za kebo zina alama mpya za spana. Alipochomoa stiki ya kupimia mafuta, mafuta ya giaboksi yaliyopaswa kuwa mekundu yalikuwa ya kahawia na yananuka.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili limeniumiza, kwa sababu nilipopiga simu kwenu niliambiwa kebo hiyo "ni ya kurekebisha tu gia ziingie mapema au zichelewe". Si hivyo. Giaboksi hii haiamuliwi na kompyuta, inaamuliwa na presha za mafuta. Presha ya gavana, kifaa kinachozunguka kufuata mwendo wa gari, hupanda kadiri gari linavyokimbia, na presha ya throto, inayoletwa na kebo hiyo, hupanda kadiri dereva anavyokanyaga. Ya gavana ikiishinda ya throto, gia inapanda. Ukiilegeza kebo, giaboksi inadhani dereva amegusa tu pedeli hata kama ameikanyaga yote, kwa hiyo gia zinapanda mapema na kikidauni inakufa. Lakini kebo hiyohiyo ndiyo inayopandisha presha kuu inayobana klachi. Presha ikipungua wakati injini inavuta kwa nguvu zote mlimani, klachi zinateleza, na klachi inayoteleza inaungua. Ulaini ule niliokabidhiwa kama matengenezo ulikuwa ni klachi zisizobanwa vya kutosha.

Gia inayochelewa na kushtua inaweza kweli kutokana na kebo iliyokazwa mno. Inaweza pia kutokana na valvu ya gavana inayokwama, mafuta yaliyopungua, au akumuleta (kifaa kinacholainisha gia inapoingia) iliyochoka. Ndiyo maana kuna geji ya presha. Karatasi yenu ya kazi haina kipimo hata kimoja: hakuna presha, hakuna kimo cha mafuta, hakuna umbali wa kizuizi. Halafu kwenye simu ileile, bila gari kuonekana, nikaambiwa giaboksi imechoka kwa umri na kwamba mnaweza kuniuzia iliyotumika. Mtu hawezi kuhukumu giaboksi ambayo hajaipima, tena baada ya kuiharibia mpangilio yeye mwenyewe.

Simwombei mabaya kijana aliyeshika spana. Inaonekana alifanya alivyofundishwa, kulegeza hadi mteja asisikie mshtuko. Lawama yangu iko kwa anayesaini karatasi ya kazi.

Kebo nimeirudisha kwenye kipimo huko Iringa kwa gharama yangu, na gia zinashuka tena, ila mteremko wa kurudi nimeuendesha kwa hofu. Nataka mnirudishie Sh 180,000 pamoja na gharama hiyo ya Iringa. Nataka pia sufuria ya giaboksi (bakuli la mafuta lililo chini yake) ifunguliwe mbele yangu, ionekane kama kuna vumbi la klachi au vipande vya chuma, na presha ipimwe kwa geji injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) na kwenye jaribio la stoli (gari likiwa kwenye gia, breki imekanyagwa, na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho) lisilozidi sekunde 5, namba ziandikwe na kulinganishwa na za kitabu. Ikionekana klachi zimeungua, matengenezo yawe juu yenu, kwa klachi mpya na si kwa giaboksi ya mtumba isiyojulikana ilikotoka.

Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha malalamiko Tume ya Ushindani. Nimeambatanisha nakala ya risiti, karatasi yenu ya kazi, na picha za kebo zilizopigwa kabla haijaguswa Iringa. Mafuta yaliyotolewa nimeyahifadhi kwenye chupa. Mkitaka kuyaona nitayaleta.

Wenu mteja,

(Sahihi)
Mmiliki wa gari