Neno moja katika barua yako

Mji Mkongwe, Unguja

Shoga yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sie huku hatujambo, mama naye anaendelea vizuri. Kikapu ulichompa kijana wa boti kimefika salama, ahsante sana.

Barua yako ya kuomba kazi hotelini nimeisoma mara mbili. Imekaa vizuri, isipokuwa pale ulipoandika "I work hardly". Hapo moyo ulinishtuka, maana neno hilo hilo niliwahi kuliandika mimi nilipoomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya huku mjini. Sikuitwa. Miaka miwili baadaye mgeni mmoja kutoka Uingereza akanieleza maana yake, na usiku ule usingizi sikuupata. Sitaki yakukute na wewe.

Ulitaka kusema unafanya kazi kwa bidii. Atakachosoma mwenye hoteli ni kwamba kazi hufanyi, au unaigusa kidogo tu. Bidii ni "hard" peke yake: "I work hard." Basi, usiongeze kitu.

Wala sikulaumu. Skuli tulifundishwa kuwa "quick" ni sifa, na ukitaka kueleza mtu anavyofanya jambo unatia "-ly" mwishoni, inakuwa "quickly". Kanuni ni ya kweli, ila "hard" imejitenga nayo: inabaki vile vile, iwe inaeleza jiwe au mtu anavyofanya kazi. "Late" nayo ndivyo. Ukisema "lately" umesema siku hizi za karibuni, hukusema kuchelewa.

Tena ungeiandika barua hii zamani sana, ungekuwa sawa! Waingereza wa kale walitumia "hardly" kwa maana ya kwa nguvu, kwa ukali. Baadaye ikawa kwa shida. Tafsiri yao ya Biblia ya 1611 inasema tajiri "shall hardly enter" ufalme wa mbinguni, yaani kuingia kwake ni kwa shida. Sasa tazama tunavyosema wenyewe: mgonjwa anapumua kwa shida. Hapo si pumzi inakaribia kukatika? Basi neno nalo liliteleza hivyo hivyo, kutoka kwenye shida mpaka likakaribia "hapana". Nilipoliona kwa njia hii ndipo liliponikaa, sijalikosea tena.

Kwa hivyo siku hizi ndani ya "hardly" mna hapana iliyojificha, na ndiyo maana hatulitilii "not". Sie tukilala saa moja tu tunasema "hata kulala sikulala", tunakanusha waziwazi. Wao wanasema "I hardly slept", kitendo hakikukanushwa, kazi yote imefanywa na lile neno. Wapo kwao wanaosema "I didn't hardly sleep", lakini katika barua ya kazi usithubutu.

Ukishaajiriwa utalihitaji kila siku. Mgeni akikuuliza kama Pemba huwa kuna baridi kali, mjibu "Hardly ever", ni nadra mno. Ukiona tangi linakaribia kukauka, andika kwenye daftari la zamu "There is hardly any water in the tank", mwenzio akija ajue maji yamebaki chini kabisa, awahi kabla wageni hawajaanza kuoga.

Liko na tumizi jingine ninalolipenda, la vitabuni zaidi: "Hardly had I sat down when the phone rang." Yaani sijakaa sawasawa, simu ikalia. Hapo "had" inamtangulia "I", usije ukaigeuza.

Nimekurekebishia pia tarehe na anwani, hayo ni madogo. Iandike upya uniletee kwa simu kabla ya Alkhamisi, niipitie usiku nikitoka zamu, maana Ijumaa ndiyo mwisho wa kupokea.

Nisalimie bibi na watoto.

Shoga yako