Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: msimu wa 1908 umekwisha

Wanachama wenzangu, habari zenu, na wakubwa wangu wote shikamooni.

Niende moja kwa moja kwenye lile mnalolisubiri. Msimu wetu wa besiboli ya kadi na dadu, ule wa National League ya Marekani ya 1908 tunaourudia, kila mmoja wetu na timu yake, umekwisha, mechi zote 616 zimechezwa, hatukuruka hata moja. Ile ya mwisho iliisha saa sita kasoro usiku huku Ohio, kule Dar kumeshakucha na mwenzetu wa Cincinnati anapiga mswaki huku kaacha kamera wazi anatusikiliza, na dadu zilipotulia Pittsburgh ndio akawa bingwa, Chicago nyuma yake kwa mechi moja tu, New York wa tatu. Hongera sana mama yetu wa Pittsburgh, umeibeba ile timu toka mwanzo mpaka mwisho na hukulalamika hata siku moja. 1908 yenyewe ilikwenda hivi, Chicago Cubs walishinda mechi 99, New York Giants na Pittsburgh Pirates wakashinda 98 kila mmoja, yaani timu tatu zimebanana mlangoni. Kwetu pia zimebanana, mpangilio tu ndio umegeuka, na mimi hilo naliona ni ushahidi kwamba kadi tulizotengeneza wenyewe usiku na mchana tulizitengeneza vizuri.

Wapo wapya walioniuliza kadi zinafanyaje kazi, basi nieleze kidogo. Kila mchezaji wa 1908 ana kadi yake, na kila namba ya dadu ina tokeo lake pale. Unarusha dadu tatu kwa pamoja, nyekundu moja na nyeupe mbili. Nyekundu inakwambia usome kadi ya nani, ikitoka 1 mpaka 3 ni ya mpigaji, 4 mpaka 6 ni ya mrushaji, halafu zile nyeupe unazijumlisha. Saba inapatikana kwa njia 6 kati ya 36, mbili inapatikana kwa njia 1 tu na kumi na mbili vilevile, kwa hiyo mchezaji mkali unamwekea mambo yake mazuri kwenye 6, 7 na 8, aliye dhaifu unamwekea huko pembeni. Mfumo huu hatukuubuni sisi, mchezo wa mezani wa Strat-O-Matic umeutumia toka miaka ya 1960. Honus Wagner wa Pittsburgh mwaka ule alipiga wastani wa .354, yaani alifanikiwa mara 35 hivi kwa kila 100, na akaiba besi 53, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe, kadi yake ukiishika mkononi unaelewa kwa nini mrushaji wa timu nyingine anakaa kimya kila jina hilo linapofika.

Kuna malalamiko yalikuja mwanzoni kwamba mchezo umekauka, homurani hakuna, yaani ule mpigo mmoja unaomzungusha mpigaji besi zote, pointi hakuna. Ndugu zangu, ndivyo ulivyokuwa. Mpira mmoja ulitumika mpaka umekuwa mweusi kwa udongo na mate ya tumbaku, mrushaji alikuwa anaruhusiwa kuutemea mate kabisa, na ule mpira wenye kizibo katikati ulikuwa bado haujaingia kwenye ligi. Aliyeongoza National League kwa homurani mwaka mzima ni Tim Jordan wa Brooklyn, alipiga 12. Kumi na mbili! Kwa hiyo pointi moja ilikuwa mali, mtu anagonga mpira kidogo tu ili mwenzake asogee besi moja, anaiba, anasubiri mtu wa timu ya pili akosee. Nafurahi kwamba ilipofika mwezi wa sita wengi wenu mlishauelewa huu mchezo na kelele zile zikaisha zenyewe.

Sasa suala la warushaji, hili lilituumiza na nataka niliseme vizuri. Kanuni yetu inasema mrushaji akifikisha iningi (zile awamu tisa za mechi) alizorusha kweli mwaka ule basi amemaliza, anakaa benchi. Christy Mathewson alishinda mechi 37 na akarusha iningi 390, na ni nani asingetaka kumtumia mtu wa namna hiyo kila siku. Mwenzetu wa New York alimtumia sana miezi ya mwanzo, akawa anaongoza ligi, tukamwambia kaka punguza, hakupunguza, na wiki ya mwisho kabisa ambapo kila mechi ilikuwa ni uhai Mathewson akawa ameisha. Alituandikia kuomba iningi kumi na tano za nyongeza. Kamati ilikataa, na mimi ndiye niliyeandika lile jibu, na najua liliuma. Lakini wa Pittsburgh na wa Chicago walikuwa wamewatunza warushaji wao wiki kwa wiki wanahesabu kwenye daftari, tungewaambiaje? Namshukuru kwamba pamoja na hayo alicheza mechi zake zote zilizobaki na karatasi za matokeo alizituma safi.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo ambalo kama mwenyekiti limenikaa moyoni kuliko yote mwaka huu. Mwezi wa nane mwenzetu wa Boston alisimama. Simlaumu, alipata kazi ya usiku na mtoto mdogo nyumbani, mtu huyo atacheza saa ngapi. Ila wengine wawili, na siwataji, nao walianza kusema timu zetu zimeshafungwa, hatuendi popote, kwa nini tusizipe kompyuta izimalizie. Mimi mwenyewe kura iliniangukia St. Louis, naomba mnisikilize kama mtu wa St. Louis. Timu hii ilishinda 49 ikafungwa 105, msimu mzima haikufikisha pointi 400, na mrushaji wake Bugs Raymond alifungwa mechi 25, nyingi kuliko mrushaji yeyote wa ligi ile, wakati wastani wake wa kuruhusu pointi ulikuwa 2.03 kwa kila iningi tisa. Yaani mtu anarusha vizuri namna ile na bado anarudi nyumbani kichwa chini kwa sababu wenzake hawapigi. Nimecheza mechi 154 na watu hao. Na mechi mbili ambazo Raymond alimfunga Chicago mfululizo, usiku ambao wengi wenu hata hamkuingia kuangalia, ndizo zilizomkosesha Chicago ubingwa. Hesabuni wenyewe, ni mechi moja tu iliyopungua.

Na hata 1908 yenyewe ilikuwa hivyohivyo. Philadelphia haikuwa na ubingwa wa kugombea, lakini kijana wao Harry Coveleski, mrusha mkono wa kushoto ndio kwanza anaingia ligi, aliwafunga New York mara tatu ndani ya siku tano, tarehe 29 Septemba, 1 Oktoba na 3 Oktoba. Bila yeye tusingekuwa tunazungumza Chicago leo. Ed Reulbach wa Chicago naye tarehe 26 Septemba alirusha mechi mbili siku moja dhidi ya Brooklyn na hakuruhusu hata pointi moja, na Brooklyn walikuwa wameshafungwa zamani lakini walitoka uwanjani wakacheza zote mbili. Timu nne za chini ndizo zinazoamua nani atakuwa juu, kwa hiyo timu ya chini ikichezwa ovyo ubingwa wote unakuwa ovyo. Ndiyo maana mechi za Boston zilizobaki tuligawana, mimi nikachukua nusu, mama wa Pittsburgh hakuruhusiwa kugusa hata moja kwa sababu zinazoeleweka, na nawashukuru sana wa Philadelphia na wa Cincinnati kwa zile usiku.

Nataka pia kuandika kuhusu mechi yetu ya tarehe 23 Septemba, kwa sababu wengine hamkuwepo. Mnajua kilichotokea kweli. Uwanja wa Polo Grounds, New York na Chicago wako 1 kwa 1, mwisho wa iningi ya tisa, wapigaji wawili wa New York wameshatoka na wa tatu akitoka iningi imekwisha, Moose McCormick yuko besi ya tatu na Fred Merkle, kijana wa miaka 19, yuko ya kwanza. Al Bridwell anapiga, McCormick anaingia, watu wanamiminika uwanjani, na Merkle akiuona umati unakuja anakimbilia chumba cha kubadilishia nguo bila kuikanyaga besi ya pili, ambayo kanuni ilimtaka aifikie ndipo pointi ihesabiwe, kama walivyokuwa wanafanya wachezaji kibao siku zile. Johnny Evers wa Chicago akaomba mpira akaikanyaga besi, refa Hank O'Day akasema Merkle ametoka, pointi ikafutwa, mechi ikahesabiwa sare. Ikabidi irudiwe tarehe 8 Oktoba na Chicago akashinda 4 kwa 2. Toka siku ile kijana yule akabebeshwa msimu mzima, mpaka anafariki 1956 bado watu wanamwita mjinga. Siku hiyo alipangwa kwa sababu tu Fred Tenney, anayecheza besi ya kwanza siku zote, alikuwa anaumwa mgongo.

Kwetu kanuni ni kwamba aliyekosa mechi kweli anakosa na kwenye dadu. Kwa hiyo Tenney nje, Merkle ndani, na kadi yake ni nyembamba kwa sababu mwaka ule alipata nafasi 41 tu za kupiga. Usiku ule tulikuwa sita kwenye simu na hakuna aliyekuwa anaongea. Kila wa New York alipomfikia Merkle alikuwa anazishika zile dadu mkononi muda mrefu kidogo. Akatoka mara tatu, akapata besi moja kwa mipira minne mibaya, akadaka kila alichotupiwa, Chicago wakashinda, na mechi ikaisha. Basi. Kijana wa miaka 19 alicheza mechi yake akaenda kuoga. Wa New York alikuwa amefungwa mechi kubwa namna ile lakini akasema tu, "Leo amelala vizuri." Ile karatasi ya matokeo nimeiweka kwenye bahasha peke yake.

Fedha ni fupi. Michango imeingia, deni hakuna, kilichobaki kinatosha karatasi ngumu na wino wa kadi za msimu ujao. Hasara ni moja, kifurushi cha kadi za kuelekea Toronto kililowana mikononi mwa kampuni ya usafirishaji na mpaka leo hawajatulipa, kwa hiyo Brooklyn nzima tuliichapa upya.

Msimu ujao. Wakati nakata kadi za 1908 nilikuwa nawaza kwamba kwenye ligi ile hakuna mtu mweusi hata mmoja, wakati mrushaji mweusi Rube Foster alikuwa hapohapo Chicago na Leland Giants, timu ya weusi, anarusha mpira mji mmoja na Cubs, na hana kadi kwetu kwa sababu mlango ulifungwa. Sisi wenyewe, wengi wetu tumetoka Mombasa, Tanga, Bukavu, tumekaa mwaka mzima bila yeye. Foster huyo ndiye aliyeanzisha Negro National League, ligi ya wachezaji weusi, Februari 1920 pale Kansas City, na MLB yenyewe, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ikaja kuitambua kuwa ligi kubwa mwaka 2020. Napendekeza tucheze msimu wa 1920. Kazi itakuwa ngumu, takwimu zina mapengo na timu hazikucheza idadi sawa ya mechi, ratiba itabidi tukae chini tuitengeneze. Ila timu ni nane kamili kama sisi: Chicago American Giants waliokuwa mabingwa, Indianapolis ABCs wenye Oscar Charleston, Kansas City Monarchs, Detroit Stars, St. Louis Giants, Cuban Stars, Dayton Marcos na Chicago Giants.

Kura ya kukubali msimu tutapiga Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na ya kugawana timu baada ya hapo. Chicago Giants walikuwa hawana uwanja wao, wanasafiri tu mji kwa mji, na walimaliza chini. Hao msiwaingize kwenye kura, nawachukua mimi.